Kahawa Yaitwa Remba, Buni Yatoka Kipkelion

Maswali na majibu ya wasomaji

Toleo lililopita tuliwauliza wasomaji wanaokaanga kahawa, kandokando ya Ziwa Victoria na kule milimani, majina ya kahawa zao yametoka wapi na wanatatizika na nini. Wengi wameyatoa majina mahali wanapovulia samaki. Vipimo vyote vya joto hapa ni vya selsiasi.

Tuna mashine ya gesi ya kilo moja hapa Kondele, Kisumu. Kahawa tunaitoa Kipkelion, kule Kericho. Tunataka moja tuiite Remba, kwa kuwa ndiko tunakokwenda kuvua na ndiko tulikopata wazo la kuuza kahawa. Mwenzangu ataka ikaangwe kidogo, mimi nataka nyeusi. Jina hili linataka ipi?

Jina halina ladha. Mahali ndipo penye ladha, nanyi mnapajua kutushinda. Anzeni na namna kahawa inavyonyweka pale. Remba ni kisiwa kidogo cha mawe, kimejaa mabati, na kiko mbali na nchi kavu. Hakuna mashine ya espreso wala karatasi za kuchujia. Kuna sufuria, jiko la makaa, sukari na upepo. Anayevua omena, dagaa wa ziwani, hutoka jioni, huwasha taa juu ya maji, hungoja samaki wajikusanye. Huchagua usiku wa giza, maana mwezi ukiwa mkubwa taa yake haina kazi. Kikombe chake ni cha saa nane za usiku, na kinapaswa kuwa kizito, kivumilie sukari, na kisiharibike sufuria ikisahauliwa jikoni robo saa.

Kahawa ya kuchemshwa humwaga kila kilichomo ndani ya chembe, kizuri na kibaya. Ikikaangwa kidogo, ule ukali wa SL28 (aina ya mti wa kahawa) unaosifiwa na wanunuzi wa ng'ambo hutoka wote kwa mpigo na kumkunja mnywaji uso. Ikikaangwa mpaka ing'ae mafuta, jiko huigeuza kuwa majivu. Kwa hiyo ninyi wawili mmekosea kidogo kila mmoja. Chembe zikikaangwa hupasuka kwa sauti mara mbili: itoeni baada ya mpasuko wa kwanza na kabla ya ule wa pili, mkiukaribia huo wa pili.

Mashine ya kilo moja msiijazie kilo. Tieni gramu 900. Ikijazwa hadi mwisho, gesi ya mashine nyingi ndogo huishiwa nguvu katikati. Pasheni pipa la mashine hadi digrii 195, na ikishatulia hapo kwa dakika kumi kweli, tieni kahawa. Joto litashuka hadi karibu 90 katika dakika moja na nusu, kisha litaanza kupanda. Chembe zigeuke njano, kwenye 150 hivi, kati ya dakika ya nne na nusu na ya tano. Hapo harufu ya nyasi hukoma na kuja ya mkate. Kuanzia hapo punguzeni gesi kidogo kidogo, msiikate. Mpasuko wa kwanza, ule unaolia kama bisi, uje karibu na 196, dakika ya tisa. Toeni kwenye 216 hadi 218, dakika mbili na robo au mbili na nusu baada ya mpasuko. Wa pili, unaolia kwa sauti nyembamba kama vijiti vikavu, huanzia karibu 224, na hapo mmechelewa.

Kipimajoto cha kila mashine kina tabia zake. Kama kwenu bisi husikika kwenye 190, basi toeni sita kwenye kila kipimo tulichotaja. Masikio yatangulie kipimajoto.

Makosa mawili yatawapata mapema. La kwanza ni kuogopa moshi na kushusha gesi ghafla chembe zikiwa njano. Joto husimama, kahawa hukauka badala ya kukaangwa, na kikombe huja na ladha ya mkate wa juzi: haina ukali, haina utamu, haina lolote. Hilo halirekebishiki kwa kuongeza dakika mwishoni. La pili ni pipa lenye moto mno mwanzoni: chembe hupata madoa meusi bapani huku ndani zikiwa mbichi. Vunjeni chembe moja kwa kucha mtazame. Rangi ya ndani ikipishana sana na ya nje, teremsheni joto la kuanzia kwa digrii kumi.

Mkishatoa, ipozeni ndani ya dakika nne. Mchana wa Kisumu feni ya sinia inavuta hewa ambayo tayari ni ya moto, kwa hiyo kaangeni asubuhi. Kisha pimeni. Gramu 900 zirudi kati ya 760 na 770, yaani imepotea sehemu ya asilimia 14.5 hadi 15.5. Ikirudi 790, hamkufika. Ikirudi 745, mmepita. Mizani ya jikoni ya shilingi mia chache itawaambia ukweli kuliko picha za rangi za kulinganishia. Na kikusanya makapi kimwagwe kila baada ya awamu tatu, maana makapi makavu hushika moto.

Iacheni siku nne kabla ya kuionja. Ikiwa ndiyo kwanza imetoka mashineni, gesi iliyomo huyasukuma maji na unga huelea juu ya sufuria kama povu la sabuni.

Kupika, ambako kuandikwe nyuma ya pakiti: lita moja ya maji, gramu 60 za kahawa iliyosagwa nene kama chumvi ya mawe. Maji ya ziwa yachemke kikweli, yasipashwe tu. Epua, tia kahawa, koroga mara moja, funika dakika tano, nyunyiza maji baridi nusu kikombe ili unga uzame, mimina polepole. Usirudishe sufuria yenye unga motoni. Anayetaka iendelee kuwa moto aimimine kwenye chupa ya chai. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye 96 hivi, kwa hiyo ile kanuni ya kungoja maji yapoe kidogo, mliyoisoma kwingine, iliandikiwa watu wa chini pwani. Nyinyi miminieni tu.

Jambo la mwisho, la kalenda. Msimu wa kufunga uvuvi wa omena upande wa Kenya kwa kawaida ni Aprili 1 hadi Julai 31. Kahawa yenye jina la usiku wa omena mkiizindua Mei, wavuvi watawacheka. Ngojeni Agosti.

Nafundisha Kiswahili Bungoma. Naona vijana wanachukua majina ya fuo za ziwani na kuyabandika kwenye pakiti bila kufikiria namna yanavyosomwa na asiye wa huko. Je, hilo si tatizo?

Ni tatizo, mwalimu, tena la kuchekesha hadi pale mzigo unapofika Mombasa. Jina la Kiluo au la Kisuba lina maana yake nyumbani, lakini pakiti husomwa na macho ya Kiswahili.

Remba imebahatika: masikioni mwa Mswahili ni kuremba, kupamba. Dunga, ufuo wa hapo Kisumu, ni kudunga sindano. Wapo watakaopenda, kahawa nayo ni kama sindano ya asubuhi, lakini mchoraji asije akaweka sindano kwenye lebo. Sori itasomwa kama mtu anayeomba radhi. Takawiri ni kisiwa cha mchanga mzuri mweupe, ila jina lake linaanza na taka, na mchapishaji akilikata mstari vibaya, pakiti itaandikwa TAKA juu na WIRI chini. Hilo huzuilika kwa kuchagua herufi nyembamba. Usenge, mji wa uvuvi wa Siaya, ni jina la heshima kwa wenyewe, lakini pwani na Tanzania neno hilo ni tusi zito. Mji hauna kosa. Pakiti inayotaka kuvuka mpaka wa Lungalunga ndiyo itafute jina lingine.

Dawa yake ni moja: mpe mtu asiyejua ziwa alisome jina kwa sauti, bila kumwambia ni la nini. Mpe wa pwani, mpe wa Kakamega, mpe bibi na mpe mwanafunzi. Akicheka, muulize kwa nini.

Yapo pia majina yasiyofaa kuguswa hata yakisikika vizuri. Kisiwani Mfangano kuna mapango na miamba yenye michoro ya kale, Mawanga na Kwitone, na kwa wenyeji Abasuba hayo si majina ya kuuzia vinywaji kabla ya kuuliza wazee. Ufuo wa kuvulia ni mahali pa kazi. Mwamba wa matambiko ni kitu kingine.

Je, Migingo? Kila mtu anaijua.

Ndiyo maana. Jina la kisiwa hicho kwa miaka mingi limebeba ugomvi wa mpaka kati ya Kenya na Uganda, na mnunuzi akiliona atazungumzia polisi, hatazungumzia kahawa yako.

Mimi ni wa Kericho. Jina la kahawa yangu nimelitoa kwenye kidimbwi cha mto ulioko msitu wa Mau ambako huvuliwa trauti. Nimeikaanga kidogo ili ifanane na maji yale, baridi na safi. Wanaoinywa bila maziwa wanaipenda. Wanaotia maziwa, yaani karibu wote, wanasema imechacha. Nifanye nini na sitaki kubadili jina?

Wazo lako tunaliunga mkono. Trauti ni samaki mgeni, aliletwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na haishi ila kwenye maji baridi yanayokwenda kasi. Jina la namna hiyo likibandikwa kwenye kahawa nyeusi ya moshi lingekuwa uongo.

Kuchacha wanakokusema kunatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni kahawa isiyoiva ndani. Wengi wakisikia «kukaanga kidogo» huitoa mara tu bisi zikianza. Hapo ngozi imeiva, kiini bado. Ladha ni ya njugu mbichi na majani. Kukaanga kidogo maana yake ni kutoa kwenye joto la chini, si kutoa haraka. Ukianzia na 200, upate mpasuko dakika ya nane, kisha iachie dakika moja na nusu kamili hadi 205 au 206. Uzito uliopotea uwe asilimia 12 hadi 13. Ukipoteza 10 peke yake, maji bado yamo ndani.

Ya pili ni maziwa yenyewe. Kahawa ya nchi hii ina asidi nyingi. Maziwa freshi huivumilia, lakini maziwa yaliyolala bila friji, ambayo tayari yameanza safari ya kuwa mala, hukatika yakikutana nayo moto. Mteja huona vipande, hulaumu kahawa. Mwambie achemshe maziwa kwanza peke yake. Yakikatika bila kahawa, kesi imekwisha.

Hata hivyo usijidanganye. Kericho watu hunywa na maziwa. Tunakushauri ukaange aina mbili za kidimbwi hicho hicho: moja ya alfajiri, ukiacha kama ilivyo na uandike «bila maziwa» kwa herufi kubwa mbele, na moja ya jioni ukiipeleka hadi 214. Jina moja, pakiti mbili, rangi mbili. Usiziite «nyepesi» na «nzito». Hapa kwetu nyepesi ni kusema imetiwa maji.

Nanunua kahawa ya Kisumu yenye jina la ufuo, na kule ninapoinunua nikionjeshwa huwa nzuri. Nikifika nyumbani Nakuru, ladha imelala. Wananibadilishia?

Hawakubadilishii. Ni maji yako. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi. Visima vingi vya Nakuru hutoa maji yenye magadi, na magadi huua asidi ya kahawa kama yanavyoivisha maharagwe upesi. Kikombe kinabaki na uchungu na rangi, uhai hakuna.

Hakikisha hivi: pika vikombe viwili kwa vipimo vile vile, kimoja kwa maji yako na kimoja kwa maji ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha baikabonati, jamii ya magadi, chini ya miligramu 60 kwa lita. Ukisikia tofauti, umepata mkosaji. Kisha kinga maji ya mvua safi, uyachemshe, uchanganye sehemu mbili za mvua na moja ya kisima. Mvua tupu usitumie; haina madini yoyote na kahawa hutoka nyembamba na kali.

Kuchemsha hakuondoi fluoridi, ambayo Nakuru mnaijua kwa meno ya watoto. Vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyotumika huko huiondoa fluoridi, lakini magadi huyaacha, kwa hiyo ladha haitabadilika sana hata ukichuja. Na kwa kuwa mko mita 1,850 hivi na maji huchemka karibu na 94, saga kahawa laini kidogo kuliko wa Kisumu au uiache dakika moja zaidi.

Wauzaji nao wana la kujifunza hapa. Ukijua nusu ya wateja wako wako Nakuru, andika neno kuhusu maji kwenye pakiti.

Jina letu ni la ufuo fulani wa Homa Bay. Tunataka kulisajili, na kuweka picha ya mashua na wavuvi. Rafiki asema hatutaruhusiwa kwa sababu ni jina la mahali. Pia kuna mteja aliyetuuliza kahawa inalimwa wapi ufuoni, tulikosa jibu.

Tuanze na mteja, maana swali lake ndilo kubwa. Arabika ya Kenya hulimwa milimani, mingi kuanzia mita 1,400 kwenda juu. Ufuoni haipo. Mtu akiona jina la mahali kwenye kahawa hudhani ndiko ilikovunwa, na ana haki ya kudhani hivyo, kwa sababu ndivyo kahawa zinavyoitwa duniani kote. Msipomwambia mapema atajiona ametapeliwa. Kwa hiyo mbele ya pakiti, si nyuma, chini ya jina tu, uwekwe mstari mmoja: «Jina ni la ufuo. Kahawa ni ya» halafu mtaje ilikotoka, Kipkelion au Nandi au Bungoma. Halafu aina ya mti kama mnaijua (SL28, Ruiru 11, Batian), namna ilivyosafishwa, uzito, tarehe ya kukaangwa na ya mwisho. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, ni lazima kabla ya kuingia dukani, na kukaanga kwa kuuza kuna leseni yake. Ofisi ya kilimo ya kaunti ndiyo pa kuanzia. Kahawa mbichi nayo haisafirishwi kama viazi: gunia bila kibali cha kusafirishia linaweza kuzuiwa njiani pamoja na gari.

Rafiki yenu amesema nusu ya kweli. Alama za biashara husajiliwa na KIPI, taasisi ya serikali ya kazi hiyo, chini ya Sheria ya Alama za Biashara, na sheria hiyo haipendi neno ambalo kwa maana yake ya kawaida ni jina la mahali, kwa sababu hakuna anayestahili kuwanyima wengine jina la kijiji. Ila jina la mahali likiunganishwa na neno lenye kulitofautisha, pamoja na mchoro, nafasi inakuwa nzuri zaidi. «Karabai ya Remba» ina nguvu kuliko «Remba», na karabai peke yake huenda ikawa na nguvu kuzishinda zote mbili: ni taa ya wavuvi, si ramani. Ombeni daraja la 30, ambalo ndilo la kahawa. Mkitaka pia kufungua mkahawa wa jina hilo, ni daraja la 43, ombi jingine na ada nyingine. Fanyeni utafutaji wa awali kabla ya kuchapisha pakiti hata moja. Tumeona pakiti elfu mbili zikigeuzwa kuwa mifuko ya kuwekea misumari. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na watu wana siku 60 za kupinga. Usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa.

Picha: mashua ikiwa na nambari ya usajili, ifuteni. Mtu akitambulika uso, apewe karatasi atie sahihi kwamba amekubali picha yake itumike kibiashara. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iko upande wake. Na pitieni kwa kamati ya BMU, kikundi kinachosimamia ufuo ule. Sheria sidhani itawalazimisha kuomba jina kwao, lakini ndio wenye mahali, na siku mkitaka kuuza pakiti pale pale hamtapita kwingine.

Samaki msimweke mkubwa kwenye lebo. Mnunuzi aliye mbali na ziwa atafikiri ni supu.

Niko Kisii, nina mbuni, kahawa isiyooshwa, niliyoianika mwenyewe nyumbani, kilo kama sita na maganda yake. Sina mashine. Nataka kujaribu ladha kabla sijalipa mtu anikaangie na kunichapia jina. Karai yatosha?

Yatosha kabisa, mama, kwa kujaribu. Kwanza hakikisha imekauka. Uma chembe moja: meno yakiacha alama, rudisha juani. Inayofaa ni unyevu wa asilimia 11 hivi, ambao kwa jino ni ugumu wa kutobonyea. Ikikaangwa ikiwa na maji mengi, karai litaipika kwa mvuke na kukupotezea dakika nne za mwanzo.

Twanga kwa kinu na mchi polepole, pepeta, kisha uchague kwa mkono juu ya ungo. Ondoa nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, na vipande. Mbuni huwa na mbovu nyingi kuliko kahawa iliyooshwa; kwa kilo sita zenye maganda, usishangae ukibaki na mbili na nusu hivi.

Tumia karai zito, la chuma. La bati jepesi huunguza chini. Makaa yawe yameshika vizuri na kuanza kuvaa majivu, bila ndimi za moto. Tia gramu 150, zisizidi, ziweze kulala tabaka moja na kidogo. Geuza kwa mwiko bila kupumzika, ukikwangua katikati ambako ndiko kwenye moto. Njano ije dakika ya tano au ya sita. Isipokuja hadi ya nane, chochea. Bisi zilie dakika ya tisa au ya kumi. Kwenye karai hazilii pamoja, hulia kwa zamu, kwa hiyo hesabu kuanzia pale zinapoongozana, si ile ya kwanza iliyowahi. Dakika mbili baadaye mwaga yote kwenye ungo, toka nje penye upepo, upepete na kurusha. Ungo hapa unafanya kazi mbili, unapoza na kuondoa makapi, na hakuna mashine ndogo inayozifanya kwa ustadi wa mikono yako. Gramu 150 zirudi 128 hivi.

Sasa zitazame. Karai haliwezi kutoa rangi moja kama pipa, kutofautiana kidogo ni kawaida. Lakini chembe zilizobaki kama rangi ya njugu wakati nyingine ni kahawia, hizo zilichumwa hazijaiva. Ziokote zote, moja tu kwenye kikombe inaleta ladha ya karatasi. Ukipata zaidi ya kumi kwenye gramu 150, dawa iko shambani, kwenye siku ya kuchuma, si kwenye karai. Harufu ya pombe au ya matunda yaliyooza ni ya mbuni iliyorundikwa ikiwa mbichi. Msimu ujao itandaze iwe nyembamba, igeuze mara nne au tano kwa siku, na uifunike usiku.

Fanya hivyo mara tatu, kwa dakika moja, mbili na tatu baada ya bisi, uweke alama kwenye mitungi. Onja siku ya tano. Utakayoichagua, mpelekee mwenye mashine sampuli yenyewe na uzito uliopotea, usimwelezee kwa maneno. «Wastani» ya kila mtu ni yake. Na ukienda kununua ya kuongezea, daraja la AB halina aibu: linatofautiana na la AA kwa ukubwa wa chembe peke yake, na bei yake inakuachia hela ya pakiti.

Tunasafirisha pakiti zetu kwenda Mbita kwa matatu, na kutoka hapo kwa boti. Wateja wa visiwani wanasema kahawa inanuka omena. Pakiti ni za karatasi, nzuri sana.

Nzuri kwa macho. Kahawa iliyokaangwa imejaa vitundu vidogo na hunywa harufu ya jirani yake, na jirani yake kwenye boti ile mnamjua. Karatasi haizuii kitu. Tumieni mifuko yenye tabaka la alumini ndani na vali ya njia moja ya kutolea gesi. Karatasi mkiipenda ibaki ya nje. Kisha pakiti 20 za robo kilo ziingie kwenye ndoo ya plastiki mpya yenye kifuniko cha kubana. Ndoo iliyowahi kubeba samaki haioshiki, hata kwa limau. Buni mbichi nayo ni hivyo hivyo: gunia la katani likilala usiku mmoja kwenye banda la samaki, harufu huvuka kukaangwa na kutokea kikombeni. Iliyokwisha kuharibika msiichanganye na nzuri mkidhani itapotea humo. Kilo moja hunusisha kumi. Itumieni bustanini, na ndoo ipelekwe na mtu anayejua isiwekwe mbele ya boti ambako maji hurukia.